Achari ya ndimu: ikikaa inazidi kuwa nzuri, au ni kwamba haiozi tu?

Mtambile_Uani

Assalaam alaykum wapishi wote.

Swali langu ni la achari ya ndimu, ile ya kuchanja na kutia chumvi, si ya kuchemsha. Huku Pemba ukisifu achari ya mtu, jibu unalopewa ni "hiyo imekaa". Inakaa mwaka, inakaa miwili, na chupa kongwe ndiyo inayotolewa siku ya arusi na Idi. Nataka kujua kama kukaa kwenyewe kunaiongezea kitu, au ni kwamba chumvi na ukali haviiachi ioze, tukaona kutooza ndiyo uzuri.

Nimepanga kutia kilo 30 kwa mpigo mmoja, za kula na za kuuza, kwa hiyo kosa dogo litakuwa hasara kubwa. Kipimo ninachotumia kwa kila kilo ya ndimu: chumvi gramu 120, pilipili ya unga vijiko vitatu vya chakula, thomu ya kutwanga gramu 60, tangawizi gramu 40, manjano kijiko kimoja, bizari nyembamba na haradali kijiko kimoja kimoja, mafuta ya alizeti kikombe. Vyote vinaingia siku moja. Chupa inakaa juani siku kumi, halafu stoo chini ya bati.

Kinachotokea ni hiki. Mwezi wa kwanza uchungu unashika ulimi hadi wali hauliki. Mwezi wa nne uchungu umeshuka na ngozi inakatika kwa kijiko. Kufika mwaka ndimu yenyewe ni laini, imepiga weusi, mdomoni tamu. Lakini thomu inanuka, mafuta ya juu yana harufu ya rangi ya mlango, na pilipili imepauka. Katika chupa nane, mbili zilifanya utando mweupe. Sasa hiyo ni achari iliyoboreka au iliyoharibika? Na embe je, nayo hukaa hivyo hivyo?

Kasiki

Waalaykum salaam Bi Mtambile. Ndani ya chupa yako mna vitu viwili vinavyokwenda njia mbili. Ndimu inapanda, bizari, thomu na mafuta vinashuka. Kufika mwaka ndimu iko juu kabisa na vyengine vyote vimeshachoka, na wewe unaonja vyote kwa kijiko kimoja. Ndiyo maana huwezi kuamua.

Kwa hiyo izeeshe ndimu peke yake, kwa chumvi na maji yake mwenyewe. Bizari na mafuta vitie wiki moja au mbili kabla ya kula au kuuza. Hapo swali la "inaboreka au haiboreki" linakuwa na jibu safi: inaboreka, hadi mahali fulani.

Kinachobadilika kwanza ni uchungu. Huo hautoki kwenye maji ya ndimu, unatoka kwenye ngozi nyeupe ya ndani na kwenye mbegu. Tunda likiwa zima kitu chenyewe bado hakina uchungu. Ukilikata, asidi inakigeuza pole pole kuwa limonini, na limonini ni chungu hata ikiwa kidogo sana. Ndiyo sababu siku ya tatu au ya nne achari ni chungu kuliko siku uliyoitia, na wengi hapo hudhani wamekosea kipimo wakaanza kutia sukari. Msitie. Wiki zinavyopita uchungu unatoka ngozini unasambaa kwenye maji ya chumvi, na chumvi nayo inaufunika mdomoni.

Cha pili ni ugumu wa ngozi. Ngozi imeshikwa na pektini, ileile inayogandisha jamu. Asidi inaikatakata, inayeyuka, inaingia majini. Maji ya achari ya miezi mitatu huwa mazito kama uji mwepesi kwa sababu hiyo. Si dalili mbaya. Rangi ya kijani hufa ndani ya siku chache tu, asidi inaing'oa magnesiamu iliyomo ndani ya kijani cha tunda, ndimu inakuwa rangi ya zeituni. Weusi unaokuja baadaye ni vitamini C na sukari ndogo ya ndimu vikigeuka kahawia. Nao si kuoza.

Sasa chumvi, maana hapo ndipo palipokutoka. Kilo moja ya ndimu ina maji kama gramu 880. Ukitia chumvi gramu 120 unapata maji ya chumvi ya asilimia 12, na hamira za utando zipo zinazoishi hapo bila tabu. Tia gramu 220 kwa kilo: hiyo ni asilimia 20. Ukipita gramu 310 hivi umepoteza chumvi yako, maji yameshashiba na inayozidi italala chini ya chupa. Na pima kwa mzani. Kikombe cha chumvi ya mawe na kikombe cha chumvi laini havilingani uzito hata kidogo.

Kazi yenyewe:

Chagua ndimu zilizoanza kuwa manjano, ngozi nyembamba inayong'aa, nzito mkononi. Zile ngumu za kijani kibichi zina ngozi nene na maji machache, utangoja zaidi. Osha, futa moja moja, zitandaze kwenye uteo usiku kucha zikauke. Tone la maji lililobaki kwenye ngozi linazimua chumvi palepale juu, na juu ndipo matatizo yote yanapoanzia.

Kata kikonyo. Chanja msalaba bila kufika chini, toa mbegu zinazoonekana, jaza chumvi kwenye mkato kwa kidole. Panga kwenye chupa ya kioo huku ukikandamiza kwa mwiko mkavu. Katika kila kilo nne, tatu za kuchanja na moja ya kukamua. Kilo hiyo ya kukamua hutoa karibu mililita 400 za maji, nayo uyatie chumvi gramu 25 kwa kila mililita 100. Mimina hadi ndimu zizame. Hii ndiyo hatua inayorukwa na wengi kwa kuona ndimu zitatoa maji zenyewe. Zitatoa, lakini baada ya siku tano au sita, na siku hizo ndimu za juu ziko hewani.

Tikisa kila siku wiki ya kwanza, na siku mbili tatu za mwanzo usikaze mfuniko kwa nguvu zote, iache ipumue. Halafu kaza na uiache. Mwezi wa pili inalika, wa nne hadi wa nane ndiyo tamu yake, hadi miezi 18 bado ni achari ya kumwekea mgeni.

Sufuria ya alumini isiguse kazi hii hata kwa dakika za kuchanganyia. Chumvi na asidi vinaila. Bakuli la kioo, la plastiki ya chakula, au la chuma kisichoshika kutu.

Shangani_Jikoni

Nakubaliana na Kasiki kwenye kutenganisha, na hesabu ya chumvi ni sahihi. Ila miezi aliyoitaja ina sharti moja ambalo hakulisema: joto la pale chupa ilipo. Achari haihesabu siku, inahesabu joto. Kazi zote alizozieleza, kulainika, kupiga weusi, kupotea harufu, huenda mara mbili hadi tatu haraka zaidi kwa kila nyuzi 10 zinazoongezeka. Stoo chini ya bati mchana wa kaskazi inafika nyuzi 38 na zaidi. Chumba cha chini cha nyumba ya mawe, kuta nene, dirisha halipigwi na jua, kinakaa 27 au 28. Kwa hiyo mwaka wako, Bi Mtambile, ni kama miaka miwili ya mwenye chumba baridi. Ndiyo maana ukimuuliza huyu anakwambia miezi minane, yule anakwambia miaka mitatu, na wote wawili wanasema kweli.

Weka chini sakafuni, si kwenye rafu ya juu. Hewa ya moto hupanda. Si karibu na jiko. Gizani.

Ile harufu ya rangi ya mlango uliyoitaja, umeinusa vizuri sana. Mafuta ya alizeti yana asidi ya linoleiki kwa wingi, na hiyo hushikana na hewa upesi. Rangi ya mafuta hukauka mlangoni kwa njia hiyohiyo, mafuta ya kitani yakila hewa. Harufu ni ndugu. Mafuta ya ufuta yanastahimili zaidi kwa kuwa yana kinga yake mwenyewe, lakini hata hayo si ya mwaka mzima juu ya achari. Kama utafuata njia ya Kasiki, suala la mafuta linaondoka lenyewe.

Lakini sehemu ya harufu hiyo inatoka kwenye ndimu yenyewe, na hapa ndipo ninapotofautiana kidogo na wanaosifu ukongwe bila mpaka. Harufu ya ndimu mbichi, ile inayokujia ukiparuza ganda, ni sitrali na limonini... hapana, nisichanganye, ni sitrali na *limonene*. Limonini ya uchungu ni kitu chengine kabisa japo majina yamefanana. Sitrali haipendi asidi, inavunjika siku hadi siku. Limonene ikikutana na hewa na asidi inageuka na kuanza kunuka tapentaini. Achari ya miaka miwili haina tena harufu ya ndimu. Ina harufu yake, ya mkate wa ufuta uliopigwa moto na tende. Anayeipenda aiite bora. Mimi naona kitu kimepatikana na kitu kimepotea, na kwangu mizani inalingana mwezi wa sita, ndani ya chumba cha nyuzi 28.

Jua: si lazima. Siku saba juani zinakuokolea kama wiki mbili tatu za kungoja, basi. Ukitaka kutumia jua, funika chupa kwa kitambaa kizito ili upate joto bila mwanga, na uianue kabla ya magharibi, maana umande unaoingia chini ya mfuniko ni maji yasiyo na chumvi.

Na thomu, tafadhalini. Thomu mbichi ndani ya mafuta, mahali asidi haijafika katikati ya punje, ni pahala panapoweza kuota bakteria wa botulini, wenye sumu ya kuua, nao hawatoi harufu wala rangi ya kukuonya. Hawaoti asidi ikiwa kali ya kutosha, pH chini ya 4.6. Kwa hiyo imenye, ikate, iroweke ndani ya maji ya ndimu, izame, kwenye friji saa 24, ndipo iingie kwenye mafuta. Ikigeuka kijani au buluu usiogope, hiyo ni asidi ikigusana na vitu vya thomu, haina madhara.

Mtambile_Uani

Allah awalipe kheri. Nimeelewa sababu sasa, nilikuwa nashika kanuni tu bila sababu.

Mambo matatu. Zile chupa mbili zenye utando, nizitupe au nitoe utando niendelee? Pili, kwenye chupa moja kongwe kuna punje nyeupe ngumu juu ya ngozi za ndimu, sijui ni ukungu au nini. Tatu, gramu 220 kwa kilo si itakuwa chumvi tupu mdomoni?

Kasiki

Utando ulio bapa, mweupe kama unga, umekunjamana, na unanuka hamira: hiyo ni hamira ya juu ya maji. Yenyewe haiumizi, ubaya wake ni kwamba inakula asidi ya juu, na asidi ikipungua ukungu unapata mlango. Ukiukuta ndani ya siku mbili tatu na achari ni ya ndimu na chumvi tu, uondoe na ndimu zote zilizougusa, futa shingo ya chupa, ongeza maji ya ndimu yenye chumvi hadi juu. Ukiwa na manyoya, au rangi ya kijani, nyeusi, ya waridi, chupa nzima itupwe. Mizizi ya ukungu huoni inapofika. Zako mbili zina thomu na mafuta na hatujui utando umekaa muda gani. Zitupe.

Kwa nini mbili katika nane? Angalia, nina hakika hazikujazwa kama zenzake, au ndimu zilielea, au ndizo zilizofunguliwa mara kwa mara kwa kijiko kibichi. Chumvi asilimia 12 haikupi nafasi ya kosa hata moja.

Punje ngumu: chukua moja, itie kwenye kijiko cha maji ya moto. Ikiyeyuka ni chumvi, maji yamepungua kupitia mfuniko na chumvi imeganda. Ukungu hauyeyuki. Kama ni chumvi, hiyo chupa mfuniko wake haushiki, ubadilishe.

Chumvi mdomoni: ndimu ya gramu 220 haikusudiwi kuliwa ilivyo kama tonge. Ukitaka kuitia bizari, itoe, ikate vipande vinane, iroweke dakika 20 ndani ya maji ya ndimu mapya, ichuje. Chumvi yake inapungua na inapata tena ile harufu mbichi ambayo Shangani anailalamikia, na katika hilo ana haki. Hapo kwenye bizari usitie chumvi nyengine. Lakini ujue kwamba ukishaipunguza chumvi umeiondolea ulinzi wake: friji, na iliwe ndani ya mwezi.

Kuhusu kutia bizari, kwa kilo 1 ya ndimu iliyokaa: mafuta ya ufuta mililita 150, haradali kijiko cha chakula, uwatu nusu kijiko cha chai, bizari nyembamba kijiko cha chakula ya kukaanga kavu na kutwanga, manjano kijiko cha chai, pilipili ya unga vijiko vitatu, thomu gramu 50 iliyorowekwa kama ilivyoelezwa. Pasha mafuta, tia haradali hadi ipasuke, ondoa motoni, tia uwatu. Ngoja dakika tano ndipo utie manjano na pilipili, la sivyo pilipili inaungua na achari nzima inakuwa nyeusi na chungu, na utalaumu ndimu. Uwatu nao ukiungua ni uchungu mtupu. Uwe rangi ya dhahabu tu. Mafuta yakipoa kabisa changanya na ndimu na thomu. Siku ya tatu bado kila kitu kinasema lake, siku ya kumi vimeshapatana.

Upawa_wa_Nazi

Bi Mtambile aliuliza embe na hakuna aliyemjibu.

Embe isizeeshwe. Achari ya ndimu inangoja kwa sababu ina kitu cha kungojea: ganda gumu lilainike na uchungu utoke. Embe changa imeshamenywa, haina uchungu wa kutoka, na nyama yake ni laini kuliko ganda la ndimu tangu siku ya kwanza. Muda unaichukulia tu. Halafu ina sukari na wanga zaidi, kwa hiyo weusi wake unakuja haraka na haupendezi.

Tumia dodo au boribo changa, kokwa imeanza kushika lakini kisu bado kinapita kwa nguvu. Ikianza kupiga manjano ndani umeshachelewa, itavurugika. Kata vipande, chumvi gramu 100 kwa kilo, iache usiku mmoja, mwaga maji yake, anika siku mbili za jua kali hadi kilo ya vipande irudi nusu kilo. Ukikunja kipande kipinde bila kuvunjika wala kutoa maji. Hapo tia bizari, siki ya asilimia 5 iliyochemshwa na kupoa, ifunike. Soma lebo ya siki, maana zipo chupa za asidi kali ya kuzimuliwa zinazouzwa karibu na siki ya kawaida, na hizo zinaunguza mdomo na koo. Tamu yake mwezi wa kwanza hadi wa nne. Mwezi wa nane vipande ni kama jamu. Asiyetaka ulaini anaweza kukausha zaidi kabla ya kutia siki. Kukausha ndiko kunakompa embe umri.

Sasa kwa ndimu, Kasiki ameweka mpaka miezi 18 na Shangani sita. Nataka kuitetea ile kongwe kabisa. Ndimu ya miaka mitatu kwa chumvi tupu haifai tena kuliwa kipande, hilo kweli, inasambaratika. Lakini isage, mbegu zikiwa zimetoka, uwe na kitu cheusi kizito cha kutia kijiko kimoja kwenye mchuzi wa papa, au kwenye chatne ya ukwaju, au kupakia samaki kabla ya kuchoma. Ina ukali wa chini chini ambao siki haina. Ndimu kavu za Oman, zile nyeusi tunazozijua kwenye supu na mchuzi wa nyama, zinachemshwa na maji ya chumvi halafu zinaanikwa hadi ndani yake pawe peusi. Hakuna anayezihesabu kuwa zimepotelewa na harufu ya ndimu mbichi. Ni kiungo chengine. Achari ya miaka mitatu ni hivyo hivyo, mahali pake si pembeni mwa sahani, ni ndani ya chungu.

Kosa ni kungoja miaka mitatu ukitarajia achari bora ya kulia pilau. Hiyo ilikuwa mwezi wa sita na imeshapita.

Shangani_Jikoni

Upawa ameniweka sawa kwenye ile kongwe, kiungo ni neno lake hasa.

Bi Mtambile, kwa kuwa unatia nyingi za mpigo mmoja, una nafasi nzuri ya kujua ukweli wa stoo yako bila kumsikiliza yeyote kati yetu. Jaza vichupa sita vya mililita 300 kutoka kwenye ndimu zilezile, siku ileile. Zikitimia mwezi mmoja, kimoja kiweke kwenye friji: hapo kitasimama karibu na kilivyo, ndicho cha kulinganishia. Vyengine fungua mwezi wa tatu, wa sita, wa tisa, wa 12 na wa 18.

Kuonja kuwe kwa siri. Sahani tatu, mbili zina achari moja na ya tatu ina nyengine, anayeonja hajui ipi ni ipi, na wali mweupe mkavu kati ya kuonja na kuonja. Muulize kwanza ipi ni tofauti, ndipo umuulize ipi ni nzuri. Akishindwa kuitoa ile ya tofauti, maoni yake juu ya uzuri hayana uzito siku hiyo. Vipande viwe chumbani saa mbili kwanza, kwa sababu cha friji kikiwa baridi mtu anakijua kwa baridi. Na mfunge macho, ama sivyo rangi peke yake itamwambia.

Juu ya vyombo: kioo. Mafuta ya ganda la ndimu yanaingia kwenye plastiki, na plastiki ile ngumu inayong'aa kama kioo na kupasuka kwa sauti inaliwa nayo kabisa, inafifia na kufanya nyufa. Makopo laini ya maji ya kunywa yanastahimili wiki chache za kuuzia, si miezi ya kuzeesha. Mitungi ya udongo yenye rangi ya kung'aa ndani iache, rangi nyengine zina risasi na asidi inaitoa. Mfuniko wa bati utaliwa kutu ndani ya msimu mmoja, na kutu ikidondoka ndimu zinakuwa nyeusi ya wino, si ile kahawia nzuri. Weka vipande viwili vya nailoni nene kati ya mfuniko na chupa, au tafuta mifuniko ya plastiki.

Mtambile_Uani

Nimepiga hesabu, naomba mnisahihishe kabla sijakwenda sokoni Chake. Kilo 30: za kuchanja kilo 22 na nusu, za kukamua kilo 7 na nusu. Chumvi ya kuchanja kilo 4 na gramu 950. Maji ya kukamua lita 3, chumvi yake gramu 750. Jumla chumvi kilo 5 na gramu 700. Chupa za lita 3, kila moja kilo 2 na nusu, chupa tisa. Na vichupa sita vya majaribio. Zitakaa chumba cha ndani, sakafuni, bila jua.

Kasiki

Hesabu ni sawa sawa. Mawili tu. Nunua chumvi kilo 6 na nusu, utahitaji ya kuongezea. Na kamua kilo moja zaidi ya ulizopanga, maji yake yatie chumvi na uyaweke kwenye chupa ndogo iliyojaa hadi shingoni, kwa sababu wiki ya pili ndimu zitanywea na kushuka, na chupa zako tisa zitakuwa na nafasi ya vidole vinne juu. Siku hiyo usizijaze kwa maji peke yake. Toa ndimu zote za chupa moja au mbili, uzigawe kwa zilizobaki ukikandamiza, ndipo umalizie kwa yale maji ya akiba. Tisa zitakuwa saba au nane. Kwa hiyo lebo za tarehe zibandike baada ya kuunganisha, si siku ya kwanza, na kwenye kila lebo andika tarehe ya kutia chumvi, si ya kuunganisha.

Upawa_wa_Nazi

Na vile vichupa sita vijaze siku hiyohiyo ya kuunganisha, kutoka kwenye chupa moja, vikiwa vimeshanywea. Ukivijaza siku ya kwanza vitabaki nusu, na nusu ya hewa ndani ya kichupa cha mililita 300 itakuzeeshea achari kwa namna nyengine kabisa na ile ya chupa kubwa.

Mtambile_Uani

Nimeandika yote. Ndimu nanunua Jumamosi inshallah, wiki hii zilizoko sokoni bado ni za kijani.